Ukungu katika picha za wadudu: soma chanzo kabla ya kutafuta dawa

Asubuhi moja chini ya mikarafuu, nje kidogo ya Chake Chake, nilipiga picha arubaini na moja za majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti kwa hariri inayotoka kwa mabuu wao. Nilipozifungua nyumbani kwenye kompyuta, zilizokuwa wazi hazikuzidi tatu. Zilizobaki zilikuwa na ukungu, na nilipozitazama moja moja kwa ukubwa kamili niliona kuwa ukungu wenyewe haukuwa wa namna moja. Katika baadhi yao picha nzima ilikuwa imecheza. Katika nyengine jani lilikuwa wazi ila miguu ya chungu ilikuwa imevurugika kama wino mbichi uliopanguswa kwa kidole. Na katika nyingi zaidi hapakuwa na mtikisiko wowote, isipokuwa kilichokuwa wazi ni mgongo wa mdudu badala ya jicho lake. Tangu siku ile nimeshika msimamo mmoja juu ya suala hili: ukungu katika picha za wadudu ni jina moja la maradhi manne tofauti, na dawa ya ugonjwa mmoja mara nyingi huuzidisha mwengine.

Maradhi ya kwanza ni mtikisiko wa kamera. Ya pili ni mwendo wa mdudu mwenyewe, au wa jani alilolikalia. Ya tatu ni fokasi, yaani pale ambapo lenzi inaonyesha wazi kabisa, kuangukia mahali pasipotakiwa, ama kwa kuwa mpigaji alilenga vibaya au, kama ilivyo mara nyingi, kwa kuwa alilenga vyema na kisha mwili wake ukasogea. Ya nne ni ulaini unaoletwa na lenzi pale tundu lake la kupitishia mwanga linapobanwa kupita kiasi. Mpigaji anayeona ukungu na kukimbilia kuongeza kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, atakuwa ametibu mawili ya mwanzo na kuyaacha mengine kama yalivyo. Na yule anayekimbilia kubana tundu ili apate kina kikubwa zaidi, yaani eneo pana zaidi la mbele na nyuma linaloonekana wazi, atapunguza la tatu, lakini kwa kuwa mwanga umepungua atalazimika kupunguza kasi ya shata, hivyo la kwanza litarudi kwa nguvu mpya na la nne litabisha hodi.

Kwa bahati nzuri picha yenyewe huungama, na shahidi bora kuliko wote ni tone la umande. Asubuhi, majani ya Pemba huwa na matone madogo, na kila tone hubeba nukta moja ya mwanga inayong'aa. Likuze tone hilo kwenye kioo cha kompyuta. Ikiwa nukta imegeuka kistari, na matone yote katika picha yana vistari vinavyoelekea upande mmoja, kamera ndiyo iliyotikisika. Ikiwa nukta za jani zimetulia lakini nukta iliyo kwenye jicho au mgongo wa mdudu imevutika, mdudu ndiye aliyecheza. Ikiwa nukta imekuwa duara pana lisilo na mwelekeo, na ukitafuta mbele au nyuma kidogo unakuta sehemu iliyo wazi kabisa, hata kama ni unywele mmoja wa mguu au ukingo wa jani, basi hilo ni kosa la fokasi. Na ikiwa hakuna vistari, hakuna mduara mpana, wala hakuna sehemu yoyote iliyo bora kuliko nyengine, bali picha yote ni laini kwa usawa, basi tundu la lenzi limebanwa mno, au lenzi ni chafu. Nashauri kwa dhati kila anayeanza azisome hivi picha zake mbovu mia moja kabla ya kununua kifaa chochote.

Sababu ya maradhi haya kuwa makali zaidi kwa wadudu kuliko kwa harusi au mandhari ni hesabu nyepesi ambayo inafaa kuifuata mpaka mwisho. Picha ya makro kamili ni ile inayopigwa kwa uwiano wa 1:1, yaani chungu wa milimita 8 huchora umbo la milimita 8 juu ya sensa, kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Chukua kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 na pikseli milioni 24; kila pikseli yake ina upana wa takriban mikroni 6, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sasa tuseme mikono yako inasogea kando kwa mwendo wa milimita 5 kwa sekunde, mwendo ambao wewe mwenyewe huwezi kuuhisi. Kwa kuwa uwiano ni 1:1, umbo nalo linatambaa juu ya sensa kwa mwendo huo huo. Shata ikikaa wazi kwa 1/100 ya sekunde, umbo limetembea mikroni 50, ambazo ni pikseli nane. Nukta imeshakuwa kistari. Kwa 1/1000 ya sekunde limetembea mikroni 5, pungufu ya pikseli moja, na jicho halitaona kitu. Ukimpiga picha mtu aliye umbali wa mita tatu kwa lenzi hiyo hiyo, kusogea huko kando kungepunguzwa mara nyingi kabla ya kufika kwenye sensa. Ndiyo maana ile kanuni ya zamani isemayo kuwa kasi ya shata isipungue urefu wa lenzi, kwa mfano 1/100 kwa lenzi ya milimita 100, haimsaidii mpiga wadudu: kanuni hiyo iliwekwa kwa mtikisiko wa kuzunguka kidogo kwa kamera, si kwa kusogea kwake mzima mzima.

Na mkono hautulii. Hata mtu mwenye afya njema mkono wake hutetemeka mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na juu ya tetemeko hilo kuna kuyumba kwa mwili mzima, polepole, mbele na nyuma, ambako kila aliyesimama wima hukufanya bila kujijua. Watu huogopa tetemeko kwa sababu wanaliona kwenye kioo cha kamera. Mimi naogopa zaidi kuyumba.

Hapa ndipo panapostahili subira ya msomaji, kwa sababu nadhani ndipo picha nyingi zinapopotelea. Kwa uwiano wa 1:1 na tundu la f/8 (namba ya f ikiongezeka, tundu linakuwa dogo), kwenye sensa niliyoitaja, kina chote kinachoonekana wazi katika picha ni karibu milimita 1 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa f/11 ni milimita 1.3. Kwa f/16 hakifiki milimita 2. Kichwa cha majimoto peke yake kinakaribia kukijaza kina hicho. Kwa hiyo mpigaji akiweka fokasi juu ya jicho, kisha katika ule muda kati ya kuona na kubonyeza mwili wake ukasogea mbele milimita mbili, jicho limekwisha kutoka nje ya kina na kilichoingia ni kiuno. Picha hiyo haitakuwa na kistari hata kimoja. Inaweza kuwa imepigwa kwa 1/4000 ya sekunde na bado ikawa haifai, kwa kuwa shata ya haraka hugandisha kile kilichopo mbele yake wakati huo, na kilichopo kimeshakuwa si jicho. Kitulizi kilichomo ndani ya lenzi au kamera nacho hakisaidii hapa; tangu Canon walipotoa mwaka 2009 lenzi yao ya makro ya milimita 100 yenye kitulizi kinachorekebisha kuzunguka pamoja na kusogea kando, na Olympus mwaka 2012 kuweka kwenye kamera yao ya E-M5 sensa inayotulizwa kwa mihimili mitano, mtikisiko wa pembeni umepata msaada wa kweli, ingawa msaada huo hupungua kadiri unavyokaribia. Lakini kusogea mbele na nyuma hakurekebishwi na kitulizi chochote cha aina hiyo.

Dawa ya kuyumba ni kuacha kupigana nako. Ondoa fokasi ya kujiendesha, weka lenzi kwenye uwiano unaoutaka, kisha tafuta fokasi kwa kusogeza mwili. Anzia nyuma kidogo ya mahali panapotakiwa, inama mbele polepole mpaka uone ncha za papasio zinaanza kuwa wazi, endelea, na piga picha tatu au nne mfululizo wakati kina kile chembamba kinapopita juu ya jicho. Kuyumba kulikokuwa adui sasa kumegeuzwa kuwa chombo. Pumua nje, na katika ule utulivu mfupi uliopo kabla ya kuvuta pumzi nyengine ndipo ubonyeze. Usizuie pumzi kwa muda mrefu, kwa sababu mapigo ya moyo huanza kuonekana mikononi. Viwiko vibane ubavuni, au ukichutama, kiwiko kimoja kikae juu ya goti.

Njia iliyo bora zaidi, pale mdudu anaporuhusu, ni kumfanya yeye na kamera wawe mwili mmoja. Shika kikonyo cha jani kwa vidole vya mkono wa kushoto, kisha laza ukingo wa lenzi juu ya kifundo cha mkono huo huo. Ukiyumba, jani linayumba pamoja na lenzi, na umbali baina yao haubadiliki. Nimewapiga hivi panzi wadogo na nondo waliolala, na tofauti yake na mkono mtupu ilionekana kuanzia siku ya kwanza. Kwa majimoto njia hii haiwezekani. Wanauma, na wakishauma hunyunyiza tindikali juu ya jeraha, na jina lao linatosha kueleza maumivu yake. Mzee mmoja mchumaji karafuu, baada ya kuitikia shikamoo yangu na kunitazama nikipeleka mkono kwenye tawi, aliniambia, “Mwanangu, mkono huo urudishe. Hao hawana mgeni wala mwenyeji.” Yeye ndiye aliyenipa ufito wa kujengea, akauchomeka ardhini mbele yangu, nikaushika pamoja na lenzi kwa mkono wa kushoto. Ufito hauzuii kila kitu, lakini huondoa sehemu kubwa ya kuyumba kando, na kwa mbele na nyuma hukupa kitu cha kuegemea unapoinama. Stendi ya miguu mitatu ni imara zaidi, lakini kabla hujamaliza kuifungua mdudu ameshahama tawi.

Kuna njia nyengine ya kupata kina ambayo wapigaji wengi huidharau, nayo ni kurudi nyuma. Kwa tundu lile lile la f/8, uwiano wa 1:2, ambapo umbo juu ya sensa ni nusu ya ukubwa wa mdudu, hutoa kina cha takriban milimita 3 badala ya 1. Ni kweli kwamba ukikata picha baadaye ili mdudu aonekane mkubwa kama ulivyotaka, sehemu ya faida hiyo hupotea, kwa kuwa unakuza na ukungu wake. Lakini haipotei yote, na mtikisiko nao unakuwa mdogo na mwanga unaongezeka. Kati ya picha ya 1:1 ambayo jicho lake halipo, na ya 1:2 iliyokatwa lakini jicho lipo, sioni haja ya mjadala. Vile vile, kina chembamba kinaweza kutumiwa kwa akili kwa kuulaza uso wa sensa sambamba na mwili wa mdudu. Kereng'ende wa mabonde ya mpunga, akipigwa kutoka juu huku kamera ikiwa sambamba na mabawa yake, huonekana wazi kuanzia bawa hadi bawa. Akipigwa kwa mshazari, bawa moja tu litasalimika.

Kubana tundu zaidi kuna mpaka. Mwanga unapopita kwenye tundu dogo hupinda ukingoni na kutawanyika, jambo ambalo wanafizikia huliita difraksheni, na kwa upigaji wa karibu mpaka huo hufikiwa mapema kuliko namba inavyodokeza. Kwa lenzi ya kawaida inayofika 1:1, f/11 hufanya kazi kama f/22, kwa sababu lenzi imesogea mbali na sensa. Kwa hali hiyo nukta moja ya mwanga huwa doa la karibu mikroni 30, yaani pikseli tano. Kwa f/16 doa linapita mikroni 40. Kwa hiyo f/8 hadi f/11 ndipo ninapobaki kwa 1:1, na sivuki f/16 hata nikiwa na mwanga wa kutosha.

Na mwanga wa kutosha utoke wapi, ndani ya msitu wa Ngezi au chini ya mikarafuu yenye kivuli kizito? Kuongeza ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, peke yake mpaka kufikia 1/1000 kwa f/11 huzaa chenga nyingi. Jibu ni flashi. Watu wengi hudhani flashi ni taa tu, kumbe kwa mpiga wadudu flashi ndiyo shata yake ya kweli. Flashi ya kawaida ya kubandika, ikiwekwa nguvu ndogo kama 1/16 au 1/32 ya uwezo wake, huwaka kwa muda mfupi mno, kiasi cha sehemu moja ya elfu kadhaa za sekunde. Kwa muda wa 1/5000, mkono wetu wa milimita 5 kwa sekunde umesogea mikroni 1. Shata ya kamera inaweza kuwa 1/200 na isidhuru, ilimradi mwanga wa flashi ndio unaochora picha. Sharti la kuweka nguvu ndogo ni flashi kuwa karibu na mdudu, na sharti la mwanga kuwa laini ni kuuchuja kwa kitu cheupe kipana. Kipande cha dumu jeupe la mafuta kilichokatwa na kufungwa mbele ya flashi kinafanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Sharti hilo la flashi kuchora picha peke yake ndilo linalosahauliwa juani. Ukiwa kwenye jua kali la saa nne asubuhi, kwa f/11 kwenye 1:1, ISO 200 na 1/200 ya sekunde, jua lenyewe linakaribia kutosha kutoa picha: limepungua hatua moja tu, yaani linatoa nusu ya mwanga unaohitajika. Matokeo yake ni picha mbili juu ya sensa moja, ya flashi iliyo wazi na ya jua iliyocheza, na mdudu huonekana ana kivuli pacha kando ya miguu yake. Shusha ISO hadi 100, au jikinge kwa kivuli cha mwili wako au mwavuli. Namna ya flashi inayoruhusu shata kupita kasi yake ya kawaida haifai kwa kazi hii, kwa sababu flashi huacha kuwaka mara moja kwa ghafla na badala yake humetameta mfululizo kwa muda wote shata inapopita, hivyo ule uwezo wake wa kugandisha hutoweka.

Kwa anayetumia simu, sensa ndogo humpa kina kikubwa zaidi, na hilo ni jambo la heri. Tatizo lake ni kwamba simu hupunguza kasi ya shata kwa siri kivulini. Atafute mwanga, apige mfululizo, na aegemee kitu.

Upepo ni suala ambalo hakuna namba ya kamera inayolimaliza. Jani linaloyumba kwa sentimita 5 kwa sekunde huchora mikroni 50 hata kwa 1/1000, na papo hapo linaingia na kutoka nje ya kina. Upepo wa kusi unapovuma Juni na Julai, mashamba yaliyo wazi upande wa mashariki hayapigiki kwa 1:1 ila alfajiri, na hata hapo ni kwa kubahatisha. Siku za maleleji, baina ya misimu ya pepo, ndizo ninazozingoja. Lakini jani linaloyumba lina tabia moja ya kumsaidia mwenye subira: kila linapofika mwisho wa mwendo wake, kabla ya kurudi, husimama. Ni kitambo kifupi, ila kipo kila mara na kinatabirika. Weka kina chako pale mwisho wa mwendo na ungoje jani lije, usilifuate.

Wadudu nao wana visimamo vyao. Majimoto anayetembea juu ya tawi hapigiki kirahisi, lakini mikarafuu huwa na wadudu gamba waliojishikiza kwenye vitawi, na majimoto huwachunga kwa ajili ya utomvu mtamu wanaoutoa. Chungu anapokunywa husimama sekunde kadhaa, papasio zikigusa taratibu, kichwa kimeinama mahali pamoja. Zile picha tatu zilizosalimika siku ile zote zilikuwa za chungu anayekunywa. Kereng'ende huruka na kurudi kwenye kijiti kile kile; kwa hiyo fokasi huwekwa juu ya kijiti wakati yeye hayupo. Vunjajungu hujiyumbisha mwenyewe kama jani, kisha hutulia na kugeuza kichwa kumtazama anayemkaribia, na pale anapogeuza kichwa ndipo pa kubonyeza.

Vunjajungu wa mwisho niliyempiga alikuwa juu ya jani la mhogo, na nilimpigia picha kumi na nne nikiinama mbele kidogo kidogo kwa 1:2, f/11 na flashi. Nilipozifungua, hakuna iliyokuwa na kistari. Katika sita za mwanzo kilichokuwa wazi ni miguu ya mbele aliyoikunja kama mtu anayeomba dua, katika mbili jicho, na katika sita zilizobaki shingo na mabawa. Mwili wangu ulikuwa umepita juu ya jicho kwa haraka kuliko ulivyopita kwengineko. Siku ya pili nilirudi kwenye jani lile lile, nikachomeka ufito, nikainama polepole zaidi, na macho yalitoka wazi katika picha tano.